Kasha la shangazi: sarafu na medali za ndoa ya Malkia zina thamani gani?

"Shikamoo mzee wangu. Shangazi yangu alikuwa muuguzi Uingereza kuanzia 1970 mpaka alipostaafu akarudi Tanga. Ametutoka mwaka jana. Kwenye kasha lake tumekuta vitu vya Malkia Elizabeth na mumewe. Kuna sarafu kubwa mbili za 1947–1972, moja imechujuka, nyingine inang'aa kama kioo ndani ya kidude chake cha plastiki, wala hazikuandikwa thamani. Kuna ya 1997 yenye nyuso mbili. Kuna medali nzito nyeupe ambayo ukingoni ina mnyama kama simba, nanga na herufi. Nadhani nanga ni kwa sababu Prince Philip alikuwa mwanamaji. Halafu kuna nne za rangi ya dhahabu za 2007, na hati zake. Ile iliyochujuka niliisugua kwa majivu na ndimu, ikang'aa kidogo. Sonara mmoja hapa anataka kuzinunua zote kwa uzito. Binamu yangu ameona mtandaoni sarafu kama hiyo ya 1972 ikiuzwa kwa maelfu ya dola, na sasa familia haisikilizani. Na kuna mtu wa WhatsApp ananiuzia 'seti kamili ya medali za ndoa za kifalme' kwa dola 900, ndani yake mna ya Bavaria ya 1918. Nizikusanye zaidi, niuze, au nifanyeje? Na je, hizi ni medali au ni pesa?"

Marahaba mwanangu. Poleni kwa msiba, Mwenyezi Mungu ampumzishe shangazi mahali pema. Umeuliza maswali sita kwa pumzi moja, lakini naona linalokusumbua hasa ni moja: familia inagombea kitu ambacho hakuna aliyekwisha kukipima. Basi tukipime. Na kabla hujasoma zaidi, tafadhali iweke hiyo ndimu mbali. Tutairudia.

Tuanze na hili la medali au pesa, maana ndilo linalowachanganya wengi. Zile mbili za 1972 ni sarafu, tena sarafu halali ya Uingereza. Upande mmoja una sura ya Malkia, wa pili una herufi E na P chini ya taji, na maneno ya Kiingereza yanayowataja Elizabeth na Philip na tarehe yao ya ndoa, 20 Novemba 1947. Thamani yake kisheria ni peni 25. Haikuandikwa popote juu yake, ndiyo maana mtu akiiona anadhani ni medali. Waingereza walikuwa na mazoea ya kufua sarafu kubwa ya aina hii, waliyoiita krauni, kila ikulu ilipokuwa na sherehe, na watu waliinunua posta na benki wakaitia kabatini. Mwaka 1990 thamani ya krauni ikapandishwa hadi pauni 5, kwa hiyo hiyo yako ya 1997 ni ya pauni 5. Nyuso mbili unazoziona juu yake ni za Malkia na mumewe pamoja, jambo la nadra, kwani kwa desturi mwenye kiti cha enzi hukaa peke yake kwenye sarafu.

Medali ni kitu kingine. Haina thamani ya kununulia hata pipi, haifuliwi kwa amri ya serikali, na kampuni yoyote inaweza kuitengeneza kesho asubuhi ikitaka. Tofauti hii ina uzito wake, kwa sababu sarafu ina idadi inayojulikana na kumbukumbu zinazoeleweka, ilhali medali inategemea neno la aliyeiuza.

Kuna mtego wa lugha pia. Sisi tunasema "jubilei" kwa kila kitu: jubilei ya fedha ya ndoa, jubilei ya parokia, jubilei ya upadri. Kwa Malkia Elizabeth kuna hesabu mbili zinazokwenda sambamba, na wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Ya ndoa inaanza 1947, hivyo miaka yake ni 1972, 1997, 2007 na 2017. Ya kiti cha enzi inaanza 1952, hivyo miaka yake ni 1977, 2002, 2012 na 2022. Ukiona 1977, hiyo si ya ndoa. Ukiona 1981, hiyo ni harusi ya Charles na Diana, si maadhimisho ya ndoa ya mtu.

Sasa kwa binamu yako. Krauni za 1972 zisizo za madini ya fedha zilifuliwa zaidi ya milioni 7. Ni nyingi, ingawa ukilinganisha na za 1977 zilizopita milioni 36 utaona angalau si nyingi kupindukia. Sarafu ya kawaida ya 1972, iliyochujuka, kule Uingereza hupatikana kwenye makopo ya sarafu mchanganyiko kwa bei ya kikombe cha chai. Mtu kuiweka mtandaoni kwa maelfu ya dola haimaanishi kuwa inauzwa kwa bei hiyo. Mimi leo naweza kubandika tangazo la kuuza kandambili zangu kwa dola elfu tano, na hakuna wa kunizuia. Mwambie binamu aingie kwenye soko hilohilo la mtandaoni, atafute sehemu inayoonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa na kulipiwa, si vinavyoombewa bei. Atashuka mwenyewe kutoka juu ya mnazi bila ya wewe kugombana naye.

Hata hivyo, usiitupe ile ya pili inayong'aa. Krauni ya 1972 ipo ya namna tatu. Ipo ya kawaida, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ipo ya mchanganyiko huohuo lakini iliyofuliwa kwa uangalifu mpaka uso ukawa kama kioo, ambayo wakusanyaji huiita prufu. Na ipo prufu ya fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha, zilizofuliwa 100,000 hivi. Zote tatu zina kipenyo cha milimita 38.61 na zote zina gramu 28.28. Hapo ndipo mizani ya sonara inaposhindwa: ukiiweka juu yake, fedha na nikeli vinasoma sawasawa.

Kinachozitofautisha ni nafasi ambayo kila moja inaijaza, kwa maana ya tofauti ndogo ya unene isiyoonekana kwa macho. Fedha ni nzito kuliko shaba na nikeli kwa ujazo uleule, kwa hiyo sarafu ya fedha yenye uzito uleule ni nyembamba kidogo tu. Unaweza kuipima hiyo tofauti nyumbani kwa mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, kisha uirudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni. Wewe ndiye unayeushika uzi. Mizani itaonyesha namba. Kwa krauni ya fedha utaona kama gramu 2.7. Kwa ya shaba na nikeli utaona kama 3.2. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukigawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo unapata msongamano wake: fedha ya 925 hutoa 10.3 hivi, shaba na nikeli 8.9, dhahabu ya karati 22 hupita 17. Archimedes, yule mtaalamu wa Ugiriki ya kale, alilijua hili kabla ya mizani yetu ya betri.

Lakini, na hapa nisikilize vizuri, kipimo hiki ukifanye kwa ile iliyochujuka na kwa medali tu. Ile prufu usiitoe ndani ya plastiki yake. Alama moja ya kidole kwenye uso wa kioo hubaki miaka yote, kwa sababu jasho lina chumvi na tindikali inayokula madini polepole. Ile mpeleke mtu mwenye mashine ya miale inayosoma aina ya madini bila ya kugusa wala kukwaruza. Masonara wakubwa wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanazo, na wengine husoma hata kupitia plastiki nyembamba, ingawa jibu la namna hiyo huwa na mashaka kidogo.

Ikithibitika ni fedha, hesabu ya chini kabisa ni rahisi. Gramu 28.28 mara 0.925 ni gramu 26.16 za fedha safi, yaani aunsi 0.84 ya masonara, kwa sababu aunsi yao ni gramu 31.1. Tuseme, kwa mfano tu, siku hiyo aunsi ya fedha ni dola 30: basi madini yenyewe yana dola 25 hivi. Hiyo ni sakafu, usiuze chini yake. Mkusanyaji anaweza kukuongezea kidogo kwa sababu ni prufu na iko kwenye kasha lake la asili. Sikuahidi makubwa.

Tuje kwenye zile nne za dhahabu. Hapa nitakuudhi, nisamehe. Karibu na kila maadhimisho, makampuni huko Uingereza huwaandikia watu majumbani, hasa wazee wanaoishi peke yao, na kuwauzia vipande vya kumbukumbu kwa mafungu ya kila mwezi. Kwenye hati utakuta maneno kama "imevikwa dhahabu ya karati 24". Maneno ni ya kweli. Dhahabu ni ya karati 24 kwelikweli, ila tazama hilo neno "imevikwa". Chukua kipande cha ukubwa wa krauni, kipake dhahabu ya unene wa sehemu moja ya kumi ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) pande zote na ukingoni: dhahabu yote iliyotumika haifiki hata miligramu sita. Sonara akikusanya hizo nne akaziyeyusha, atatumia gesi nyingi kuliko dhahabu atakayoiona. Hati yenyewe inathibitisha tu kwamba kampuni iliyoiuza ndiyo iliyoiuza. Haithibitishi bei. Ikiwa imeandika "toleo lenye kikomo", angalia kikomo ni kipi. Nimewahi kuona kikomo cha 99,999, na mimi sijui wakusanyaji laki moja wa kitu hicho wanaishi wapi.

Sitaki umcheke shangazi kwa hilo. Muuguzi mgeni, kwenye nchi ya baridi, analipa pauni zake kidogo kidogo apate kitu kizuri cha kurudi nacho nyumbani. Alinunua kumbukumbu na akaipata. Tatizo linaanza pale sisi tuliobaki tunapotaka kumbukumbu iwe kiwanja cha Pongwe.

Medali nyeupe ndiyo iliyonifanya nikae sawa kwenye kiti. Ile nanga, mwanangu, haihusiani na Prince Philip, ingawa ni kweli alikuwa mwanamaji. Hiyo ni mihuri ya upimaji wa madini, na Uingereza ni nchi yenye ukali wa kale kuhusu jambo hili. Simba anayetembea ana maana moja tu: kitu hiki kimepimwa na ofisi rasmi ya upimaji, kimekutwa ni fedha ya 925. Alama ya pili inasema kilipimwa mji gani. Kichwa cha chui ni London. Ngome ni Edinburgh. Nanga ni Birmingham, mji ambao hata bahari hauioni. Birmingham na Sheffield zilipewa ofisi zao za upimaji kwa sheria ya bunge mwaka 1773, na husimuliwa kwamba wajumbe wa miji hiyo miwili walipokuwa London kulishughulikia jambo hilo walikutania kwenye nyumba ya vinywaji iliyoitwa Crown and Anchor, yaani Taji na Nanga. Mji mmoja ukachukua taji, mwingine nanga. Sheffield iliitumia taji kwenye fedha mpaka miaka ya 1970 ilipohamia kwenye ua la waridi. Kwa hiyo siku ukikutana na medali ya 1972 yenye taji dogo ukingoni, usije ukadhani ni alama ya ikulu.

Herufi ni mwaka wa kupimwa. Mpaka 1974 kila mji ulikuwa na mfuatano wake wa herufi, na umbo la herufi pamoja na fremu yake vina maana, kwa hiyo usiisome peke yake ukakisia. Kwa kawaida kuna alama ya nne, herufi mbili au tatu za mtengenezaji. Umesema umeona tatu. Tazama tena kwa lenzi, chini ya mwanga wa ubavuni. Hizo herufi za mtengenezaji ndizo zitakazoamua kama hiyo medali ni ya uzito wa madini tu au ina chochote cha ziada, maana wako mafundi waliochonga vizuri wakatengeneza vipande vichache, na wako waliotengeneza kama mikate.

Ipime uzito, fanya kipimo cha maji, uandike namba zote mbili. Ikiwa ni nzito kama unavyosema, inawezekana kabisa kuwa ndani ya lile kasha zima hiyo ndiyo yenye fedha nyingi kuliko vyote vingine vikiunganishwa. Na ndiyo ambayo yule sonara, akinunua "zote kwa uzito", angeondoka nayo akicheka. Sisemi ni mtu mbaya. Sonara ananunua madini, hiyo ndiyo kazi yake. Ila asiikwaruze kwenye jiwe lake wala kuitonea tindikali. Kwake yeye ni kipimo, kwa mkusanyaji ni kovu.

Sasa majivu na ndimu. Fedha huchujuka kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Bibi zetu walijua kwamba kijiko cha fedha hakiingizwi kwenye yai, kinageuka cheusi. Ni salfa hiyohiyo. Salfa inashikana na fedha juu juu, inafanya utando mwembamba, kwanza wa manjano, halafu kahawia, halafu bluu, mwisho mweusi. Utando huo umetengenezwa kwa fedha ya sarafu yenyewe. Ukiusugua hutoi uchafu, unatoa ngozi. Majivu yana chembe ngumu kama msasa laini. Ndimu ni tindikali, na kwenye mchanganyiko wa shaba hula uso wa sarafu na kuiharibu rangi yake. Mng'ao ulioupata ni mikwaruzo elfu moja inayorudisha mwanga kila upande, na mkusanyaji anaujua kwa mtazamo mmoja.

Bahati yako uliisugua ile iliyokwisha kuchujuka, ambayo karibu haina shaka ni ya kawaida. Hasara ni ndogo. Dawa ya meno, magadi, chumvi na karatasi ya foili, dawa za kusafishia fedha za dukani: vyote hivyo viache. Kitu kikiwa na utelezi wa kijani uliotokana na mfuko wa plastiki laini, hapo kweli huondolewa, lakini kwa asetoni safi ya maabara, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato, na kazi hiyo mpe anayeijua. Vumbi la kawaida lioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoozwa mvuke wake, yale safi ya kuongezea betri (si tindikali yake) au ya hospitali, kisha ukaushe kwa kubana na kitambaa cha pamba. Kubana, si kupangusa.

Tanga ina adui mwingine: hewa ya bahari. Chumvi na unyevu vikikutana na shaba huleta kutu ya kijani ambayo ikianza haiachi. Kasha la mbao lina harufu nzuri lakini mbao nyingi hutoa tindikali kidogo kidogo. Mpira wa kufungia noti una salfa. Gazeti pia, na kitambaa cha sufu. Zinunulie vifuko vya plastiki ngumu vya wakusanyaji au vikapsuli, uviweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, uvibadilishe kila miezi michache. Usiweke juu kabatini karibu na bati. Hati na makasha ya asili vitunze kandoni, hata kama vimechakaa. Kasha la krauni ya prufu ni sehemu ya bei yake.

Nimeacha yule wa WhatsApp mpaka sasa kwa sababu ananipandisha presha. Sarafu ya Bavaria ya 1918 ni ya marki 3, ilifuliwa kuadhimisha miaka 50 ya ndoa ya Mfalme Ludwig III na Marie Therese, waliooana Februari 1868. Mwaka 1918 Ujerumani ilikuwa inashindwa vita, na mwezi Novemba ufalme wenyewe ukaanguka. Sarafu zilizofuliwa zinakadiriwa kuwa 130 hivi tu. Ni miongoni mwa sarafu zinazotafutwa sana katika historia ya himaya ile ya Ujerumani, na kwa sababu hiyo nakala zake zimejaa dunia nzima, nyingine zikiuzwa kwa uaminifu kama nakala, nyingine bila ya uaminifu wowote. Mtu mwenye ya kweli hawezi kuitia ndani ya "seti" ya dola 900 na kumtumia mtu asiyemjua picha usiku. Angeipeleka kwenye mnada mkubwa wa Ulaya, na gharama za kuithibitisha peke yake zingekutisha. Usimlipe. Usimtumie hata "kishika bei".

Kwani sarafu za ndoa za kifalme ambazo ni nzuri na zinanunulika zipo, tena bila ya ujanja. Austria ilifua gulden 2 mwaka 1879 kwa miaka 25 ya ndoa ya Franz Joseph na Elisabeth. Denmark ilitoa kroner 2 za miaka 50 ya ndoa ya Christian IX na Louise mwaka 1892, na nyingine ya 1923 kwa miaka 25 ya Christian X na Alexandrine. Sweden ilikuwa na yake ya 1907, ya Oscar II na Sophia. Uholanzi ilitoa gulden 50 za fedha mwaka 1987 kwa Juliana na Bernhard. Ninayoipenda mimi ni marki 3 za Württemberg za 1911, miaka 25 ya Wilhelm II na Charlotte. Zile za kawaida zilikuwa karibu nusu milioni, lakini kuna elfu chache ambazo kistari cha katikati cha herufi H kwenye jina la Charlotte kimekaa juu kidogo. Kistari hicho tu kinapandisha bei mara nyingi. Na kwa sababu hiyo wapo wanaokisogeza kwa patasi.

Je, uendelee kukusanya? Ukiniuliza kama njia ya kuweka akiba, hapana. Nunua mbuzi. Ukiniuliza kama mtu aliyeachiwa kasha na shangazi na sasa ana shauku, basi ndiyo, lakini usikusanye kila kitu chenye taji. Fuata uzi mmoja. Na wewe uzi unao karibu kuliko unavyofikiri, kwa sababu ndoa ile ya 1947 ilipita kwetu. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui Oktoba 1947, karati 54.5 ikiwa ghafi, John Williamson mwenye mgodi alimpa Elizabeth kama zawadi ya harusi. Ikachongwa ikawa karati 23.6, na baadaye ikawekwa katikati ya bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, ya umbo la ua. Koloni la Kenya nalo liliwazawadia nyumba ya Sagana Lodge, chini ya Mlima Kenya, na ni hapohapo Februari 1952 alipoambiwa na mumewe kwamba baba yake amefariki.

Huyo baba, George VI, aliadhimisha miaka 25 ya ndoa yake tarehe 26 Aprili 1948, na makoloni yakatoa stempu. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa mbili: ya senti 20 na ya pauni 1. Zanzibar ikatoa zake Januari 1949, ya senti 20 na ya shilingi 10. Hebu fikiria pauni moja, shilingi ishirini za wakati ule, kwa stempu! Nani wa Korogwe angebandika hiyo kwenye barua? Kwa hiyo ya senti 20 hata leo ni ya bei ndogo mno, na ya pauni ndiyo ya kutafutwa, hasa yenye muhuri wa kweli wa posta. Mkusanyo mdogo wa krauni ya shangazi, stempu hizo mbili za senti 20 na picha za Mwadui na Sagana utakupa mambo ya kusimulia kuliko ile seti ya dola 900, na utakugharimu nauli ya Dar kwenda na kurudi.

La mwisho ni la nyumbani. Kasha hilo ni mirathi. Mimi si kadhi wala wakili, lakini najua kwamba mpaka warithi wajulikane na mafungu yao, hakuna kati yenu mwenye haki ya kuuza hata kile kikapsuli. Andikeni orodha: kila kitu, uzito, maandishi, picha pande zote mbili na ukingo. Kila mmoja apate nakala. Ndipo mzipeleke kwa wapimaji wawili tofauti, mkae nao hapohapo wakipima. Ikitokea medali ni kitu cha maana, nyumba za mnada za London kama Spink, iliyoanza 1666, hukubali kutazama picha kwanza kabla ya mtu kusafirisha chochote. Ulizeni makato yao na gharama za posta na bima kabla ya kukubali, kwa sababu kwa kitu cha thamani ndogo vinaweza kumeza faida yote. Na mtu akiisafirisha mkononi, aitaje forodhani kutoka na kuingia.

Ukishaipima medali nitumie zile namba mbili, na picha ya ukingo iliyopigwa mchana karibu na dirisha, bila flashi, kila muhuri kwa picha yake. Na usiipanguse kwanza.